Idhini ya Pili

Mgeni aliingia bila kubisha hodi.

Suti ya kijivu. Begi la alumini. Macho yasiyopepesa.

Wahandisi wa kampuni ya programu ya Timbó Sistemas, ghorofa ya nne, Montevideo, walikuwa wamekaa duara, kibuyu kimoja cha chai chungu ya yerba mate kikizunguka mkono kwa mkono. Hakuna aliyemtarajia.

"Dressler," alisema. "Ukaguzi wa usalama. Mteja amenituma. Chumba cha seva kiko wapi?"

"Ungepiga simu, bwana, tungefagia," Wilmar Techera alimjibu, akimwonyesha mlango.

Watu wakacheka. Zulma Etcheverry hakucheka.

Tangu kiangazi, Zulma alikuwa mhandisi mwandamizi wa ofisi hii. Chini ya sweta lake kulikuwa na bastola ya Glock. Silaha zilikuwa zikipita bandarini, na programu iliyochagua makontena ya kupigwa picha za eksirei iliandikwa hapa. Idara yake, isiyo na kibao mlangoni, ilimpa agizo fupi: aaminike, asubiri.

Kulenga shabaha kulikuwa rahisi zaidi. Ilibidi ajifunze kusema "sijui" mbele ya watu. Alikaa na Wilmar wakitafuta makosa yake bila kumnyang'anya kibodi. Mkurugenzi alipomsifu kwa kazi ya Wilmar, alimsahihisha papo hapo. Hatimaye wakaanza kumpa kibuyu bila kumuuliza kama anataka.

Kisha kila jioni alirudi kwenye chumba chenye jina la bandia kwenye kengele, akala amesimama.

Sasa, mezani kwake ofisini, kidude kilichofichwa sikioni mwake kikakwaruza. Ilikuwa sauti ya mkuu wake, aliyeitwa Bibi na majasusi wote.

"Uko peke yako?"

"Siku zote."

"Kontena la vipuri vya matrekta. Ndani ni bunduki. Linatoka bandarini saa tisa, na halikuchaguliwa kupigwa picha."

"Waambie polisi wa bandari."

"Mmoja wao amenunuliwa, hatujui nani. Mashine ya eksirei ipige king'ora yenyewe. Zuia, kisha potea."

Zulma akafungua kompyuta yake ya ThinkPad. Mistari ya programu aliyoitafuta ilikuwa pale, imejificha katikati ya mingine: kontena lolote la mwagizaji fulani lirukwe.

Mwandishi: Wilmar Techera.

Chini yake: imesomwa na kuidhinishwa na Zulma Etcheverry.

Akaikumbuka Ijumaa ile, harufu ya nyama ya kuchoma ikipanda kutoka uani, kila mtu akitaka kuondoka. Wilmar alisema mteja ana haraka. Zulma mwenyewe alikuwa dirishani, akimfuatilia kwa macho mtu mwingine kabisa aliyemshuku.

Alibonyeza idhini bila kusoma.

Sasa akaifuta mistari ile. Lakini sheria ya ofisi haikumjua jasusi wala mkurugenzi: hakuna badiliko linaloingia kwa mkono wa mtu mmoja. Ilihitajika idhini ya pili.

"Wilmar. Njoo unisomee hii."

Wilmar akasoma. Rangi ikamtoka usoni.

"Hii niliiweka mimi! Ilitoka kwa huyu huyu Dressler, kwa barua pepe. Kwani ina nini?"

"Inapitisha bunduki."

"Acha utani, dada."

"Sina utani."

"Umejuaje?"

"Siwezi kukuambia."

"Wee! Kila siku unatuambia tuulize mpaka tuelewe. Leo nisiulize?"

"Uliza juu ya kila mstari. Usiulize juu yangu."

Wilmar akavuta kiti.

Alisoma polepole, kidole kwenye kioo. Zulma alitamani kumhimiza. Akajizuia.

"Hapa umekosea," Wilmar alisema. "Umefuta sharti, lakini uchaguzi wa leo umeshafanyika asubuhi. Usipoupanga upya, kontena linapita tu."

Alikuwa sahihi. Zulma akaongeza mstari.

"Wakija kuuliza?" Wilmar alinong'ona. "Mimi mtoto wa Cerro, mtaa wa maskini. Nani atanisikiliza?"

"Nitasimama kabla yako. Nakuahidi."

Wilmar akabonyeza idhini.

Kutoka chumba cha seva kikasikika kishindo. Zulma akanyakua themosi mezani, akakimbia.

Dressler alikuwa ameshika waya uliounganisha seva na bandari, tayari kuung'oa. Begi lilikuwa wazi.

"Uache."

Mkono wa Dressler ukaibuka na Beretta.

Themosi ikamgonga kifundo cha mkono. Bastola ikaruka. Maji ya moto yakamwagika kifuani, naye akapiga yowe. Goti. Kiwiko. Sakafu.

Zulma akamfunga mikono kwa waya wa mtandao.

"Mashine imelia," Bibi alisema baadaye. "Wamelifungua mbele ya waandishi wa habari. Bunduki mpaka chini. Ngazi za nyuma, gari jeupe."

"Na Wilmar?"

"Jina lake ndilo liko pale. Atakaa ndani mwaka, miwili. Mambo yatapoa."

"Langu liko chini yake."

"Lako linafutwa jioni hii. Ukisimama hadharani, umekwisha. Hatutakujua."

Zulma alikuwa ameshafika ngazi za nyuma. Aliliona gari, mlango wake uko wazi.

Akakitoa kile kidude sikioni, akakiweka juu ya reli ya ngazi. Akapanda tena.

Polisi wawili walikuwa mezani kwa Wilmar, pingu tayari. Wenzake walikuwa wamesogea mbali naye.

"Nani aliandika hii?"

"Mimi," Wilmar alisema.

"Na mimi niliipitisha," Zulma alisema. "Kazi ya kukagua ilikuwa yangu, na sikusoma. Yeye aliletewa ombi la mteja kama mnavyoletewa maagizo nyinyi. Leo ndiye aliyelizuia kontena. Aliyelituma ombi yuko chumba cha seva, amefungwa."

"Wewe nani hasa?"

Akaweka Glock mezani. Akataja jina lake la kweli. Lilisikika geni hata kwake.

Mkurugenzi, Mirta Olascoaga, alimkazia macho. "Kumbe muda wote huu ulikuwa unatudanganya."

"Kuhusu jina, ndiyo."

"Na kuhusu kazi?"

"Hapana."

Polisi akarudisha pingu kiunoni, akamwambia Wilmar akae. Wilmar akakaa, akimtazama Zulma kama mtu anayejaribu kumkumbuka.

Zulma akachukua koti lake. Polisi mmoja mbele, mmoja nyuma, akashuka ngazi za mbele taratibu, kama mtu anayekwenda kununua mkate.