Majibu Mazuri Mno

Watu walimwita Mwalimu, ingawa hakufundisha shule. Alifundisha udereva. Alikuwa na chumba kimoja kando ya barabara, chenye madawati machache, alama za barabarani ukutani, na meza kubwa katikati. Juu ya meza hiyo ulichorwa mji mdogo wenye njia panda na vivuko vya watembea kwa miguu. Wanafunzi walisogeza vigari vya kuchezea huku wakijibu maswali.

"Umefika kwenye kivuko. Kuna mama na mtoto. Unafanya nini?"

"Nasimama, Mwalimu."

"Kabla ya mstari au juu ya mstari?"

"Juu... hapana, kabla."

"Kabla. Liweke kichwani hilo."

Swali lilirudiwa mpaka jibu likaingia na kukaa. Wanafunzi wake walifaulu mtihani wa leseni kuliko wa walimu wengine wa udereva. Alilijua hilo, tena alitembea kama mtu anayelijua. Kwake yeye, kila swali lilikuwa na jibu lake. Mtu akikosea, basi hakufundishwa.

Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Mkewe alifariki mwaka uliopita, baada ya kuugua muda mrefu, akamwachia mabinti wawili. Kitindamimba alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Mkubwa alikuwa sekondari, na tangu utotoni aliitwa Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

Baada ya mazishi Chiriku alinyamaza. Alipika, alifua, alimpeleka mdogo wake shule. Akirudi, alifunga mlango wa chumba chake. Ukimuuliza jambo, alijibu neno moja. Ukimuuliza tena, alifoka. Shuleni alianza kugombana na wenzake. Na kulikuwa na jambo ambalo watu hawakulisahau. Siku ya mazishi ya mama yake hakudondosha chozi. Alizunguka na sinia la chai, akiwahudumia wageni, macho makavu.

Shangazi yake hakulimeza hilo. Alikuwa dada mkubwa wa Mwalimu, na alihamia pale kuwasaidia. Alikuwa na moyo mzuri na ulimi usio na breki.

"Mdogo wangu, mtoto huyu ana roho ngumu," alisema. "Nani hamlilii mama yake mzazi? Hata simu imesema."

"Simu imesema nini?"

"Kuna kipimo humu. Unachagua rangi, inakutajia tabia yako. Kachagua nyeusi. Mtu wa nyeusi hana huruma."

"Viatu vyangu pia ni vyeusi, dada."

"Usinifanyie mzaha. Mpeleke kwa mjomba wake. Kule atanyooka."

Mjomba aliishi mbali, safari ya kutwa nzima, na hakuwa mtu wa kucheka hovyo. Alikwishakubali kumpokea shule zikifungwa. Mwalimu hakutaka. Alikuwa amempoteza mke, na sasa ampeleke binti mahali asipomwona? Lakini hakujua la kufanya, na siku zilikuwa zinakwenda.

Ndipo mnasihi wa shule alipomwita.

"Kabla hujamhamisha, mpeleke kituo cha afya. Kuna mwanasaikolojia pale. Atampima haiba na hali yake."

"Haiba ndiyo nini?"

"Namna mtu alivyo. Anavyofikiri, anavyohisi, anavyoishi na wenzake. Utajua kama hizi hasira ndizo yeye, au kuna kitu kimempata."

Katika maneno yote hayo, Mwalimu alilisikia moja tu: atampima. Na kupimwa, kwa Mwalimu, ni mtihani. Na kwenye mtihani, mtu haendi mikono mitupu.

Hakuwa na maswali, basi akayatunga. Jioni moja alimkalisha Chiriku mbele ya meza ya mji mdogo.

"Je, wewe hukasirika?"

"Nakasirika."

"Jibu ni hapana. Je, unalala vizuri?"

Chiriku alimtazama. "Nikuambie kweli, baba?"

"Jibu ni ndiyo. Je, umewahi kusema uongo?"

"Hapana."

"Umeona? Unaweza. Je, umechoka na maisha?"

Chiriku alishika kigari kimoja, akakigeuza magurudumu juu. "Hapana," alisema.

"Safi kabisa. Ukifeli, shangazi yako atasema si nilikwambia. Unataka kwenda kwa mjomba?"

"Sitaki."

"Basi shika majibu."

Alifanya hivyo kwa kumpenda. Lazima hilo lisemwe, maana baadaye yeye mwenyewe hakujihurumia hata kidogo.

Mwanasaikolojia alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Chumba chake kilikuwa na viti vya urefu mmoja, bila meza katikati. Siku ya kwanza alizungumza na Chiriku, kisha akampa dodoso, yaani karatasi za maswali ambayo mtu anaweka alama kwenye jibu linalomfaa. Wiki iliyofuata alimwita Mwalimu peke yake.

"Binti yako amejibu vizuri mno," alisema.

Mwalimu alikaa sawa kwenye kiti. "Nilimwandaa."

"Nimeona. Kwa karatasi hizi, Chiriku hajawahi kukasirika tangu azaliwe. Hajawahi kusema uongo, hata wa mzaha. Hajawahi kumwonea mtu wivu. Wewe umewahi kumwona mtu wa namna hiyo?"

"Labda malaika."

"Malaika hawaji hapa kupanga foleni. Mwalimu, maswali mengine huwekwa makusudi. Mtu akijipamba kupita kiasi, yanatuonyesha. Si kwamba ni mwongo. Mara nyingi anaogopa."

Uso wa Mwalimu ulipata moto.

"Nikuulize kuhusu kazi yako," yule mama aliendelea. "Mtu akijibu vizuri maswali ya karatasi, unamkabidhi gari?"

"Sithubutu. Nampandisha kwanza. Naangalia macho yake, miguu yake. Nampeleka barabara tupu, halafu yenye magari. Wengine karatasi wanaijua, wakishika usukani wanatetemeka."

"Basi na mimi ni hivyo hivyo. Dodoso ni sehemu moja tu. Nazungumza naye zaidi ya mara moja. Naangalia anavyokaa, anavyojibu, anaponyamaza. Nawauliza wanaoishi naye, na walimu wake, kwa ruhusa. Nampa sentensi zilizoanzwa, azimalize kwa maneno yake. Kisha naweka vyote pamoja. Kitu kimoja peke yake hakitoshi kumsema mtu."

"Na yale madoa ya wino? Dada yangu anasema mnaonyesha madoa, mtu akisema kaona popo basi ni mwendawazimu."

Mwanasaikolojia alitabasamu kidogo. "Madoa yapo. Wapo wanaoyatumia, na wanasomea kwa muda mrefu. Lakini popo hamfanyi mtu kuwa mwendawazimu, na hapa sitayahitaji. Wala vile vipimo vya simu vya rangi na nyota. Vile ni vya kujifurahisha. Usimhukumu mtoto kwa vile."

"Sasa nimfundishe nini?"

"Usimfundishe kitu. Hapa hakuna kufaulu wala kufeli. Mwambie hivyo, kwa mdomo wako."

Ilikuwa kazi ngumu kwa Mwalimu. Alimwambia Chiriku jioni ile, wamesimama nje ya mlango wa jikoni.

"Yale majibu niliyokupa, yaache."

"Nijibu nini sasa?"

"Lililo kweli."

"Na likiwa baya?"

"Hata likiwa baya."

Chiriku alimtazama kama anamtazama mtu mgeni, akaingia ndani.

Alirudi kituoni mara kadhaa. Mara nyingine walizungumza tu, habari za shule, habari za mdogo wake. Alijaza dodoso upya. Shangazi naye aliitwa, akaulizwa, na kwa mara ya kwanza alirudi nyumbani bila la kusimulia. Kisha ikafika zamu ya Mwalimu.

"Siku hizi Chiriku anapenda nini?"

"Zamani alipenda kusimulia..."

"Siku hizi."

"Sijui."

"Analala saa ngapi?"

"Mlango unakuwa umefungwa. Sijui."

"Siku ya mazishi, nani alikaa naye?"

Mwalimu alifikiri. Aliona wageni, viti vya kukodi, sinia la chai. Hakuona mtu yeyote karibu na binti yake. "Sijui, daktari," alisema. Mtu aliyekula kwa kuuliza maswali alitoka mle chumbani shati limelowa jasho.

Siku ya majibu walikaa watatu, Chiriku karibu na dirisha.

"Chiriku ameniruhusu niseme machache," mwanasaikolojia alianza. "Mengine ni yake, yatabaki hapa. Mwalimu, binti yako hana roho ngumu. Kila njia niliyotumia imenipeleka mahali pamoja. Ni mtu anayehisi mambo kwa kina, na anayebeba mizigo ya wenzake bila kuitua. Hasira hizi si haiba yake. Ni huzuni iliyokosa pa kutokea. Na ameniambia kuna asubuhi anatamani asingeamka. Hilo ningekuambia hata angekataa, na yeye anajua, kwa sababu ni usalama wake."

Mwalimu aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, hata siku ile mkewe alipofariki.

"Mbona kwenye karatasi za kwanza..." alianza, akakatisha. Kwenye karatasi za kwanza Chiriku alijibu hapana. Alijibu hivyo kwa sababu baba yake alimfundisha. Angesikilizwa kwa majibu yale, angebaki na siri hiyo kifuani peke yake.

"Kuna sentensi moja hakuimaliza," mwanasaikolojia alisema taratibu. "Inaanza hivi: Baba yangu. Sikutaka kubahatisha maana yake. Chiriku, unataka kusema?"

Chiriku alivuta uzi kwenye mkono wa sweta yake kwa muda mrefu.

"Nilikosa jibu sahihi," alisema. "Baba anataka jibu sahihi."

"Mwanangu..."

"Siku ya mama nilikuuliza nifanye nini. Ukaniambia, usilie mbele ya mdogo wako, wewe ndiye mama yake sasa. Nikafanya hivyo." Sauti yake ilikuwa ndogo sana. "Hukuniambia niache lini."

Mwalimu alikuwa amesahau. Sasa ilimrudia: walisimama mlangoni, watu wakiingia, mtoto amemshika mkono wa koti. Alimpa jibu haraka kama anavyowapa wanafunzi wake, kisha akageuka kuwapokea wageni. Na mtoto alilishika jibu lile kama mwanafunzi mwema.

"Nilikosea," alisema. "Nilikuwa sijui cha kusema, nikasema chochote. Nisamehe, mama yangu."

Walipotoka, Chiriku alitembea ubavuni mwake, badala ya kutangulia mbele kama alivyozoea.

Siku hiyo hiyo Mwalimu alimpigia mjomba simu. "Mtoto haji. Anaumwa huzuni, na anatibiwa akiwa nyumbani." Walifuata maelekezo waliyopewa. Dawa zote zilizobaki za marehemu ziliondolewa ndani ya nyumba. Shangazi alihamishia godoro lake chumbani kwa Chiriku, ili asilale peke yake. Chiriku alikwenda kwa mwanasaikolojia kila wiki, na Mwalimu alifunga darasa mapema siku hizo ili ampeleke mwenyewe.

Shangazi alikaa kimya siku mbili, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Siku ya tatu alimwita Chiriku jikoni. "Nilikusema vibaya kwa watu," alimwambia. "Nitawarudia mmoja mmoja niwaambie nilikosea. Nao ni wengi, Mungu anisaidie."

Mambo hayakugeuka ghafla. Kuna wiki zilikuwa nzuri, na wiki ambazo mlango ulifungwa tena. Ugomvi shuleni ulipungua, kisha ukaisha. Zile asubuhi mbaya zilikuja kwa nadra, na zilipokuja Chiriku alisema, "Leo ni mbaya," na mtu mmoja alibaki naye.

Jioni moja alikaa kwenye kigoda cha jikoni akakunja mikono.

"Leo sipiki. Nimechoka."

Shangazi alifungua mdomo, akaufunga. Mwalimu alikunja mikono ya shati, akabandika sufuria. Alijua kusimamisha gari mlimani lisirudi nyuma hata kidogo, lakini wali ulimshinda. Moshi ulijaa jikoni mpaka kitindamimba akaja kuchungulia.

"Mama naye aliwahi kuunguza," Chiriku alisema. "Siku ile wageni wako wanakuja. Akaificha sufuria chini ya kitanda, akanipa peremende nisikuambie. Harufu ikaenea nyumba nzima, wewe ukasema jirani wanachoma taka, na mama anaitikia, ndiyo, watu hawa wachafu kweli..."

Alisimulia mpaka mwisho, akaiga sauti ya mama yake, akacheka. Kicheko kikakatika katikati. Akafunika uso kwa viganja, na mabega yakaanza kutikisika. Alilia kwa sauti, kilio cha mwaka mzima. Mwalimu aliketi chini sakafuni karibu na kigoda na machozi yake yakatoka, mbele ya dada yake, mbele ya kila mtu.

Kitindamimba alisimama mlangoni. "Dada analia nini?"

"Anamlilia mama," Mwalimu alimjibu.

"Na wewe?"

"Na mimi."

Mtoto alifikiri kidogo. Kisha aliingia, akakaa katikati yao, akaanza kulia pia, na hakuna aliyemwambia anyamaze.