Jina la Sara Kwenye Chipu

Jua lilikuwa linazama Anselm alipoingia dukani kwa Bi Hanifa, Singida mjini, kutafuta mashine ya kuchoma chipu. Si kuchoma kwa moto. Chipu, kale kaubongo ka vifaa vya umeme, ikiwa tupu haina akili. Wewe ndiye unayeiandikia: ukiona hiki, fanya kile. Mwenye kinu kimoja cha alizeti alikuwa ameahidi kumwajiri akimtengenezea kitu cha kuwasha na kuzima mota bila mtu. Miaka mitatu tangu apate degree ya umeme, bado anakula ugali wa mama yake. Viwanda vimeuzwa, halafu wakubwa wanasema redioni vijana wajiajiri. Nonsense.

Bi Hanifa alikuwa na mashine mbili za mtumba. Ya kwanza, chipu zake zinafutika na kuandikwa upya. Bei yake haishikiki. Ya pili ilikuwa ya bei ya kuku.

"Hii ya wanaoanza," alinong'ona. "Ila ukishachoma, umechoma. Haifutiki."

Akachukua ya pili. Mtu huna kitu, utachagua nini?

Nyumbani Mwankoko aliifunga kwenye betri ya gari, akaiwekea jicho la kuhisi mwanga na kataa kadogo kekundu. Mashine ikadai jina la kitu cha kuwashwa. Mdogo wake Sara, wa kidato cha tatu, alikuwa pembeni anamsimanga.

"Kaka, chuo miaka minne ndo umejifunza kuwasha hako kataa?"

"Ngoja nikuandike wewe. Mvivu, huamki bila taa."

Akaandika kwa utani: TAA ikiwaka, WASHA SARA.

Akabonyeza.

Harufu ya nywele zilizoungua... Chipu hainuki hivyo.

Kataa kakawaka. Sara akacheka. "Subiri niwasimulie wen—"

Mama yao alikuwa amebeba kibatari, mwanga pekee wa chumba, kwenda jikoni. Kataa kakazima.

Sara akaganda, mdomo wazi.

Hata pumzi... hakuna.

Mama akarudi na kibatari.

"—zangu shuleni," Sara akamalizia.

Coincidence, Anselm alijiambia, kwa Kiingereza cha lecturer. Akachomoa waya wa betri. Sara akadondoka kama gunia. Akaurudisha. Sara akauliza mbona yuko chini.

Aliacha kibatari kikiwaka mbele ya lile jicho usiku kucha, na asubuhi akakimbilia kwa Bi Hanifa. Alimwamkia, akaeleza, akaomba. Yule mama alisikiliza bila kushangaa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Uliandika jina la mtu aliye hai? Wenye mbojo, wale watu-simba, walikuwa wanafanya hivyo kwa dawa, mwanangu. Wanamfunga mtu akili mpaka anatembea kama simba, anasubiri kuamriwa. Nyie wasomi mmeleta betri."

"Sasa nafutaje, mama?"

"Nilikwambia nini?"

Jumatatu shule ya Sara, kule Nduguti, ilifunguliwa. Anselm hakumwambia mtu. Ukisema, binti ataitwa mbojo, na mbojo watu hawamwachi hai. Akamfuata hadi stendi, betri kichwani, mashine kifuani, lile jicho amelielekeza juani. Makonda walimcheka: graduate kawa mchukuzi wa dada yake. Sara, kwa aibu, alimwomba arudi nyumbani.

Anselm akalifuta lile jicho vumbi.

Kisha upepo ukageuka. Wingu zito, jeusi, lilikuwa linapanda upesi. Wakulima waliokuwa wanasubiri basi wakasimama, wengine wakapiga makofi. Mvua, hatimaye.

Sara akainua uso juu, anatabasamu.

Kivuli cha wingu kilikuwa kimeshafika kwenye mapaa ya soko, kinalijia lile jicho.