Nani Alimzaa Masha?

Kahonzi alikuwa akipukuchua mahindi uani kwake, Tezo. Mumewe, Chengo, alikuwa akichonga mpini wa jembe. Redio ilikuwa dirishani. Mtangazaji akasema imetimia miaka miwili tangu miili ianze kufukuliwa katika msitu wa Shakahola. Watu zaidi ya mia nne. Wengi walikufa kwa njaa, wakiambiwa kufunga ndiyo njia ya kumwona Mungu.

Kisha likaja tangazo la sabuni ya unga.

"Wamemaliza?" Kahonzi akauliza.

"Wamemaliza. Mwaka jana walisema maneno mengi kidogo."

Ndivyo nchi hii ilivyo. Siku za mwanzo wakubwa walikuja na misafara ya magari. Kamera zilipiga picha hata viatu vya wafiwa. Kivuko kilipozama Mtongwe mwaka wa tisini na nne, nchi nzima ililia pia. Waulize leo majina ya watu wale, hata kumi tu. Nchi hubaki na idadi. Jina huachiwa mama.

Jina aliloachiwa Kahonzi ni Masha. Alikuwa fundi wa mabomba, miaka thelathini na mmoja. Aligawa vyombo vyake vya kazi, akaenda msituni na wenziwe wa kanisa. Hakurudi. Kahonzi alikwenda Malindi kupimwa vinasaba. Walimpitishia pamba ndani ya shavu, wakamwambia angoje. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: hakuna mwili unaolingana na wewe.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Nelly, mhudumu wa afya wa kijiji.

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

"Marahaba," Chengo akasema. "Umekuja kutupima malaria tena? Mimi hata mbu wamenikataa."

Nelly akacheka, akaketi. Kisha kicheko kikamwisha.

"Mama, bado kuna miili isiyo na wenyewe. Naogopa siku moja itazikwa kwa namba."

Mikono ya Kahonzi ikasimama. "Masha wangu azikwe namba?"

"Ndiyo maana nimekuja. Niruhusu nikuulize jambo zito. Kipimo kile hakijui nani alilea. Kinajua nani alizaa. Masha ulimzaa wewe?"

Kahonzi akainuka, punje zikamwagika. "Wewe Nelly! Nimemwogesha mimi. Surua nimemuuguza mimi. Unakuja uani kwangu kuniambia si mwanangu?"

"Sijasema si mwanao, mama."

"Umesema!"

Ukweli ulikuwa huu. Masha alizaliwa na Jedida, mdogo wake Kahonzi, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, kabla ya kuolewa. Kahonzi alikuwa na miaka saba katika ndoa bila mtoto. Wazee wakakaa. Mtoto akawekwa kwenye mapaja ya Kahonzi. Wakasema atakayetaja tena nani alimzaa atatozwa mbuzi. Hakuna aliyewahi kutozwa. Basi siku ya kupimwa, karani alipouliza mbele ya foleni nzima, "Wewe ndiye uliyemzaa?" Kahonzi alijibu bila kusita, "Ndiye mimi."

Chengo akaweka panga chini.

"Mbuzi nitatoa mimi," akasema. "Alimzaa Jedida. Haya, nimesema."

Kahonzi akakaa juu ya magunzi. Alikuwa amechoka, hata hasira haikumkaa.

"Watu watasema nilikuwa nikililia mtoto wa mwenzangu."

"Hakuna atakayetangaziwa," Nelly akasema. "Ukifika, omba kuzungumza na karani faragha. Ni haki yako. Wanaohitajika kwanza ni mzazi wa damu, au mtoto wa marehemu. Wakikosekana, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Damu ya mama mkubwa inafanana kidogo tu. Peke yake haitoshi kumtambua mtu."

"Basi mimi ndiye niliyemweka kwenye barafu miaka miwili."

"Walikuuliza vibaya, mama. Jambo kama lile huulizwi mbele ya foleni. Na majibu yalipokosa kulingana, nani alirudi kukuuliza tena?"

"Hakurudi mtu."

Kahonzi akachukua simu, akampigia Jedida, Mtwapa.

"Jedida, njoo Malindi. Upimwe wewe."



"Dada, nilikuwa nangoja uniambie," Jedida akasema. "Nisingeweza kusema mwenyewe. Ni mtoto wako."

"Na wako. Njoo."

Walikwenda pamoja. Safari hii waliomba chumba, wakafunga mlango, wakasema kweli. Karani aliandika, asiulize zaidi. Baada ya miezi miwili simu ikalia. Mwili umelingana.

Siku ya kuuchukua, Kahonzi aliuona ukiwa na kibandiko cha namba. Hakuondoka.

"Andika jina kwanza," akamwambia mhudumu wa mochari.

"Mama, karatasi zinatosha."

"Zinakutosha wewe. Andika Masha Chengo."

Akaandika.

Walimzika Tezo, ubavuni mwa babu yake. Hakuja mkubwa yeyote. Haikuja kamera hata moja. Mbuzi wa Chengo alichinjwa siku hiyohiyo. Wazee wakala, ikawa faini imelipwa. Jedida alitaka kusimama nyuma ya watu. Kahonzi akamvuta mkono mpaka ukingoni mwa kaburi, wakatupa udongo pamoja.

Wiki iliyofuata Nelly alikwenda kwa Kazungu, ng'ambo ya barabara kuu. Mkewe aliingia msitu uleule. Safari hii Kahonzi alifuatana naye. Kazungu aliwapokea mlangoni, mikono kifuani.

"Wanangu hawapimwi," akasema. "Nikiwapeleka, nitakuwa nimemuua mama yao kwa mkono wangu. Acheni. Serikali yenyewe imeshasahau."

"Imesahau," Kahonzi akasema. "Ndiyo maana nimekuja mimi."

Akavuta kigoda, akaketi bila kukaribishwa.

"Mimi Masha sikumzaa, Kazungu. Na nimemzika. Kaa nikueleze."