Jibu la Nusu kwa Nusu

Walikutana stendi kuu, saa ya watu kutoka kazini. Msichana mwenye gauni la kijani alikuwa amepiga magoti, akipapasa sakafu katikati ya miguu ya abiria. Fundi miwani aliyekuwa akipita aliiokota miwani ya msichana kabla haijakanyagwa, akanyoosha mkono wa miwani uliopinda, akamvisha.

“Sasa unaniona?”

“Nakuona. Kumbe una ndevu!”

Tangu siku hiyo simu hazikukatika. Msichana alikuwa mtafiti wa fizikia, akichunguza nyota za neutroni: mabaki ya nyota kubwa zilizokufa, zikajibana hata kijiko kimoja cha mabaki hayo kikawa na uzito wa mlima.

“Na ndani kabisa kuna nini?” fundi alimuuliza siku moja dukani, akipangusa vumbi la vioo kwenye aproni.

“Hatujui. Mwaka wa tisa huu natafuta.”

“Tisa! Mbona mimi ulinipata kwa dakika moja?”

“Wewe ndiye uliyenipata. Mimi nilikuwa sioni.”

Kisha mkataba wa mtafiti chuoni ukaisha. Kazi pekee ya kuchunguza nyota hizo iliyopatikana ilikuwa ng’ambo, miaka mitatu. Fundi hakuweza kumfuata. Mama yake alikuwa amepooza, na hakuwa na mtoto mwingine.

“Utarudi?”

Mtafiti alilipima swali kwa uaminifu, kama alivyopima kila kitu. Wenzake wanne waliondoka hivyo hivyo; wawili tu walirudi.

“Nusu kwa nusu,” akajibu.

Fundi akachukua koti lake, akatoka. Siku kumi na moja hakupokea simu. Ya mwisho iliita mchana wa safari, naye yuko kando ya kitanda cha mama.

“Pokea, baba,” mama akasema. “Mimi siendi popote.”

Akapokea.

“Laazizi, ulidhani nilikuwa napima mapenzi?”

“Nilidhani kwako mimi ni mia kwa mia.”

“Ni mia! Hiyo nusu ni ya kazi, si ya moyo wangu. Sikutaka kukudanganya.”

“Leo nidanganye.”

Tangazo la ndege likapita kati yao.

“Siwezi.”

“Neno moja tu, mpenzi. Nakuomba.”



“Nitarudi,” akasema, bila kipimo wala ushahidi.

“Asante,” fundi akasema, naye akaamini mpaka simu ilipokatika.