Saa Iliyosukumwa

Kila asubuhi kabla ya saa moja, Mama alifanya mambo yaleyale kwa haraka ileile. Alipanga mto chini ya mguu wa binti yake, akajaza jagi la maji, akamwekea Bibi vidonge vyake kwenye kisahani, kisha akayachukua magongo na kuyaegemeza nyuma ya mlango wa sebuleni, mahali ambapo mwenye mguu mmoja hawezi kuyafikia.

"Usishuke kitandani mpaka saa kumi," alisema. Halafu mlango wa nje ulifungwa, na hatua zake zikapotelea upande wa kiwanda cha kushona nguo.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa sababu ya mbio zake kila mtu alimwita Swala. Sasa Swala alikuwa amelala chali kwa wiki ya tatu, mguu wa kulia ukiwa ndani ya plasta kutoka kwenye vidole hadi juu ya goti. Alikuwa ameruka ukuta wa shule ilhali geti lilikuwa wazi hatua kumi tu kutoka pale. Mdogo wake alikuwa akichungulia dirishani kila alipokwenda shule na kumwita Swala wa Saruji.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, chake na cha Bibi, na katikati kabati dogo lenye jagi, kisahani na saa ya mezani. Juu hakukuwa na dari, ni bati tupu. Swala alikuwa ameihesabu misumari yote ya bati lile. Ilikuwa mia moja na kumi na minne, na kila alipoirudia ilikuwa mia moja na kumi na minne. Siku nyingine aliona kana kwamba kuta zimesogea kidogo usiku, na kesho zitasogea tena.

Bibi alikuwa mkunga kwa miaka arobaini. Siku hizi mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili, akawa anaona mwanga na vivuli vya watu tu. Kwa hiyo Swala ndiye aliyekuwa macho yake. "Swala, nisomee saa," alimwambia mara kadhaa kwa siku. Ikifika saa sita na nusu Bibi alimeza kidonge chake cha kisukari. Saa saba Mama alikuja mapumzikoni, akapasha chakula, wakala. Muuguzi wa zahanati alikuwa amelirudia jambo hilo mara tatu: kidonge na chakula visitengane, na siku Bibi akitetemeka na kutoka jasho apewe sukari papo hapo.

"Bibi, wiki sita ni milele," Swala alilalamika siku moja.

"Milele haina tarehe, mjukuu wangu. Plasta yako ina tarehe. Imeandikwa kwenye karatasi ya hospitali."

Mwalimu wa sayansi alipokuja kumjulia hali alileta kitabu na kipande cha chaki. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akagundua kwamba msumari wa mia moja na kumi na tano ulikuwa umeng'oka zamani na kuacha tundu. Jua lilipenya hapo, likaangusha sakafuni kitone cha mwanga chenye ukubwa wa kifungo cha shati. Mwalimu alifurahi kama mtu aliyeokota kitu. Alimweleza Swala kwamba mwanga ule ulitoka kwenye jua dakika nane zilizopita, kwa hiyo anapoutazama anatazama jambo lililokwisha kupita. Zipo nyota, alisema, ambazo mwanga wake ulianza safari kabla binadamu wa kwanza hajazaliwa.

Swala aliuliza kama wakati wenyewe una mwisho. Mwalimu alijikuna kichwa kwa ile chaki, akabaki na mvi. Alikiri kwamba hata wataalamu bado wanabishana. Lililo wazi ni kwamba wakati unakwenda upande mmoja. Kikombe huanguka kikavunjika, lakini hakuna aliyewahi kuona vipande vikijikusanya na kurudi mezani. Kisha akampa kazi: kila saa kamili inapofika, aweke alama ya chaki pale kitone kilipo. Kitanda kilikuwa kifupi, mkono wa Swala ukafika sakafuni bila shida. Baada ya siku chache sakafu ilikuwa na mstari wa alama za saa tano, sita, saba na nane, na kitone kilitembea juu yake polepole.

Polepole mno. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Wanafunzi wenzake walitoka shule saa tisa, wakapita mbele ya nyumba yao. Aliwasikia wakicheka, aliwasikia wakiburuza kijiti ukutani, kr, kr, kr. Saa kumi, Bibi alipompapasia magongo na kumletea ili atoke barazani, njia ilikuwa tupu.

Siku moja, Mama aliporudi kazini baada ya chakula, Swala alinyoosha mkono kabatini na kuzungusha kigurudumu kilicho nyuma ya saa. Aliisukuma mbele saa moja nzima.

"Swala, nisomee saa," Bibi alisema baadaye.

"Saa kumi, Bibi."

Bibi alitikisa kichwa, akasema leo siku imekimbia, akayafuata magongo. Swala akawa barazani wenzake walipopita. Walimzunguka, wakaandika majina yao kwenye plasta, wakamsimulia nani kafukuzwa darasani kwa kucheka. Kabla Mama hajarudi jioni aliirudisha saa nyuma. Kesho yake akafanya hivyohivyo, na siku iliyofuata. Siku ya nne wenzake walikaa sana, Mama akawakuta barazani, na usiku Swala alilala akitabasamu. Hakukumbuka kuirudisha saa nyuma. Mama naye alitumia simu yake kujua wakati, na hiyo aliondoka nayo.

Asubuhi iliyofuata Bibi alikunywa chai nusu kikombe tu, akasema hana hamu. Muda ukasogea.

"Swala, nisomee saa."

Swala aliinua macho kutoka kitabuni. "Saa sita na nusu, Bibi." Safari hii hakukusudia kudanganya. Bibi akameza kidonge.

Saa ikafika saba. Mlango wa nje haukufunguliwa. Ikafika saba na robo, na Bibi akasema labda bosi wa kiwandani kaamka vibaya. Swala alitazama sakafuni. Kitone cha mwanga kilikuwa kimeipita alama ya sita kidogo tu. Kwa dakika nzima aliamini kwamba jua ndilo lililochelewa. Kisha akakumbuka kwamba jana hakuirudisha saa nyuma.

"Bibi," aliita.

Bibi hakujibu. Paji la uso wake liling'aa kwa jasho, na vidole vyake vilikuwa vinatetemeka juu ya shuka. Aliponena, alimwita Swala kwa jina la mwanamke ambaye Swala hakumjua.

"Mwambie asisukume," alisema. "Bado saa yake. Akisukuma sasa ataumia."

Swala alijua Bibi yuko mbali, katika chumba cha uzazi cha miaka mingi iliyopita. Hata hivyo neno lile, asisukume, lilimpata yeye mwenyewe. Alipiga kelele kuita majirani. Mchana ule kila mtu alikuwa kazini. Mama angefika kitone kikifika alama ya saba, na kitone kilikuwa hakijafika hata nusu ya njia. Sukari ilikuwa jikoni, vyumba viwili kutoka pale.

Alijiangusha kutoka kitandani kwa makalio. Maumivu yalipanda mpaka kwenye meno. Akajiburuza kwa mikono, plasta ikikwaruza sakafu na kuifuta mistari ya chaki, akayapita magongo sebuleni, kwa kuwa asingeweza kusimama peke yake, akaingia jikoni. Kopo la sukari lilikuwa juu ya rafu. Alilisukuma kwa mpini wa ufagio, likaanguka, sukari ikatapakaa. Aliizoa kwa kiganja, akaifunga kwenye pindo la gauni lake, akaliuma pindo kwa meno ili mikono ibaki huru. Dakika zilizokuwa ndefu kitandani sasa zilikuwa fupi kuliko pumzi. Njiani kitu kilisema tak ndani ya mguu wake.

Maji yalikuwamo kwenye jagi. Alikoroga sukari kwa kidole, akamwinua Bibi shingo, akamnywesha kidogo kidogo, akimbembeleza kama mtoto. Alikaa sakafuni akiushika mkono wa Bibi uliolowa jasho. Hakuwa na saa ya kuamini. Alikitazama kitone kikisogea upana wa kidole, kisha kidole kingine, mpaka mkono ukaacha kutetemeka.

"Swala," Bibi alisema, "mbona uko chini?"

Mama alipofika, saa ilionyesha saa nane na simu yake ikaonyesha saa saba kamili. Aliitazama sukari, plasta iliyopasuka, uso wa mama yake. Alimlisha Bibi kwanza, ndipo akauliza kulikoni, na kwa nini saa iko mbele.

"Ni hiyo saa," Bibi alisema. "Imezeeka kama mimi. Imeanza kukimbia ovyo."

Mama aliichukua saa akasema ataitupa. Hapo mlango wa kukwepa ulikuwa wazi kwa Swala. Angenyamaza tu, na kosa lingebebwa na chuma. Alihisi kwamba akinyamaza, atakaa ndani ya chumba kile hata plasta ikishatoka.

"Usiitupe, Mama. Ni mimi niliyeisukuma."

Akaeleza yote, hata siku tatu za kwanza, hata kijiti ukutani. Mama aliketi ukingoni mwa kitanda. Machozi yalimlenga, kisha akasema kwamba kesho watakwenda kubadilisha plasta, na kama daktari ataongeza wiki, wiki hizo hazitakuwa adhabu iliyotoka kwake. Aliyenena zaidi ni Bibi.

"Nimepokea watoto wengi," alisema, "na hakuna aliyekuja mapema akawa salama kwa sababu mtu fulani amechoka kungoja. Saa ni chombo tu, mjukuu wangu. Inatusomea wakati kama wewe unavyonisomea mimi. Ukiigeuza, jua haligeuki, damu yangu haigeuki. Anayepotea ni yule aliyekuamini. Ungeniambia unawakosa wenzako, tungemwomba Mama utoke saa tisa. Kungoja kunauma, lakini ukweli ungekutoa humu mapema kuliko uongo."

Daktari aliongeza wiki mbili. Mama alisogeza ruhusa ya barazani hadi saa tisa.

Siku ya kwanza nyumbani na plasta mpya, Swala alichora upya alama zilizofutika. Kesho yake mchana Bibi alijiinua kitandani.

"Swala, nisomee saa."

Swala aliitazama saa. Akakitazama kitone sakafuni, katikati ya sita na saba. Akaitazama saa tena.

"Saa sita na nusu, Bibi."

Bibi alinyoosha kiganja kupokea kidonge. Hakuuliza mara ya pili. Nje, hatua za Mama zilikuwa bado mbali, lakini zilikuwa njiani.