Neno la Kwanza la Kwenda Ng'ambo

Jua lilipochomoza juu ya vilima vya Kola, Kavutha alikuwa amekwisha kuwafungulia mbuzi na kufagia uwanja. Alikunywa uji amesimama, akabeba kidumu chake cha maji. Siku hizo, mwaka wa 1999, kila mwanafunzi alikwenda shule na maji ya kunyunyizia sakafu ya vumbi.

"Leo mnafundishwa nini?" mama yake, Kanini, aliuliza kutoka mlangoni.

"Maneno ya ng'ambo, mwaitu," Kavutha alijibu, akimwita mama kwa Kikamba.

"Yashike yote. Na usionje karanga za watu. Unajua mambo yake."

Kavutha alijua sana. Utotoni alikula karanga chache tu, uso ukavimba na pumzi ikataka kumtoka. Tangu siku hiyo hazikuonekana tena katika nyumba yao.

Shule moja ya ng'ambo ilikuwa imetoa nafasi ya masomo ya bure kwa mtoto mmoja wa wilaya ya Machakos. Wanafunzi watano wangehojiwa mjini siku ya Ijumaa, na Kavutha wa darasa la nane alikuwa mmoja wao. Kola nzima ilimwombea.

Darasani, Mwalimu Maundu aliandika ubaoni kwa Kiingereza maneno ambayo msafiri wa masomo hana budi kuyajua: viza, bima, bweni, mlezi, chanjo, aleji. Alisoma, darasa likaitikia. Kisha akauliza swali lake la kila siku.

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimu!"

Jibu hilo liliwatoka kama chafya. Sahra peke yake aliinua mkono. Baba yake, mzee Dayib, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo. Sahra alizungumza Kisomali nyumbani, Kiswahili na Kikamba sokoni, na hakuona haya kuuliza.

"Mwalimu, mimi sijaelewa. Aleji ni nini?"

Darasa likaangua kicheko. "Wewe Sahra wa mbuzi!" Musau akamcheka. "Hata hiyo hujui?"

"Wewe unaijua? Haya, tuambie!"

Musau akainamia kitabu chake. Kengele ikalia, mwalimu akasema atajibu kesho, na kesho yake hakukumbuka.

Kavutha naye hakujua, lakini alinyamaza. Alipokuwa darasa la nne, alimnong'oneza jirani yake, "Ni kyau?" yaani, ni nini hicho? Kwa Kikamba hicho kidogo alivishwa diski, kibao chenye uzi ambacho mtoto aliyezungumza lugha ya mama yake alitembea nacho shingoni mpaka ampate mwenzake wa kumvisha. Babu yake alikivaa. Mama yake alikivaa. Mkoloni aliposhusha bendera yake alikisahau kibao hicho huku nyuma, na badala ya kukitupa, tukakipigilia msumari wa kukitundika! Mtoto akiogopa kuuliza kwa lugha anayoijua, atauliza kwa lugha gani? Basi Kavutha alijifunza kusema "ndiyo" na kutulia.

Ijumaa, yeye na Mwalimu Maundu walipanda lori la mzee Dayib lililokuwa likipeleka mbuzi mjini. Sahra alikuwemo pia.

"Wakiuliza hii harufu ni ya nani," Sahra alisema, "waambie ni ya Musau."

Kavutha alicheka mpaka hofu ikapungua.

Mahojiano yalifanyika katika ukumbi mdogo. Mkuu wa jopo alikuwa Daktari Mueni, mama mrefu mwenye miwani, ambaye mwenyewe aliwahi kusoma ng'ambo. Kwanza wanafunzi walikaribishwa chai. Daktari Mueni alipita mezani akimwuliza kila mmoja kwa Kiingereza kama ana aleji yoyote. Alipofika kwa Kavutha, aliongeza, "Unaelewa maana ya aleji?"

"Ndiyo, madam."

"Na unayo?"

Wenzake wote walikuwa wamesema hapana. "Hapana, madam," Kavutha naye akasema.

Mkate ulioletwa ulikuwa umepakwa kitu cha rangi ya kahawia. Kavutha aliuinua mkate, harufu ikampiga puani. Karanga! Ndipo alipong'amua maana ya swali aliloulizwa. Lakini angegeuzaje maneno sasa, mbele ya watu wote? Wangemwona mwongo. Aliuma kipande kidogo, akakimeza haraka.

Haukupita muda midomo ikaanza kumwasha, kisha ikavimba. Sahra, rafiki yake aliyejua habari za karanga, alikuwa akichungulia mlangoni. Alipiga kelele. "Mwalimu! Kavutha anavimba! Amekula karanga!"

Daktari Mueni alimkimbiza hospitali kwa gari lake mwenyewe. Kavutha alipigwa sindano, akalazwa akiangaliwa. Alasiri pumzi ilikuwa imerudi, lakini wenzake walikuwa wamekwisha kuhojiwa na kwenda zao.

"Watakusikiliza sasa hivi," Mwalimu Maundu alimnong'oneza waliporudi mlangoni pa ukumbi. "Sema ulisahau kuwaambia. Usiseme hukujua lile neno, watasema Kola hatufundishi!"

Kavutha aliingia ukumbini macho bado yamevimba.

"Kavutha," Daktari Mueni aliuliza, "ulisahau kwamba karanga zinakudhuru?"

Njia ya kutokea ilikuwa wazi mbele yake. Kusema ndiyo tu. Aliifahamu vizuri njia hiyo.

"La, madam. Sikusahau. Sikujua aleji ni nini, nikasema najua. Niliponusa karanga nikaona aibu kurudi nyuma. Darasani kwetu tumezoea kusema ndiyo. Nilipouliza kwa Kikamba nilivishwa diski, na tangu hapo sijauliza tena."

Daktari Mueni alivua miwani. "Diski," alisema polepole. "Kumbe bado ipo." Akavaa miwani. "Haya, tuanze upya. Ukitaka kusoma ng'ambo, utahitaji bima. Nieleze kazi yake."

Kavutha alimtazama usoni. "Neno hilo la Kiingereza sijalielewa, madam. Tafadhali nieleze."

Daktari Mueni alimweleza jinsi watu wengi wanavyochanga kidogo kidogo ili mmoja wao akipatwa na shida, asaidiwe.

"Basi ni mwethya!" Kavutha aliruka kitini. "Kwetu akina mama hulimiana mashamba kwa zamu. Mwaitu alipougua, kikundi kilimlimia lote. Tofauti yake ni kwamba nyie mnachanga pesa, sisi tunachanga jembe."

Jopo zima lilicheka. Tangu hapo maswali yalimiminika. Neno aliloelewa alilijibu, na asiloelewa aliliuliza bila kuinamisha kichwa.

Wiki iliyofuata gari la Daktari Mueni liliingia uwanjani mwa shule. Wazazi walikuwa wamejaa. Alipotamka jina la Kavutha, vigelegele vilipaa, na Sahra alimrukia rafiki yake mpaka wakaanguka wote wawili vumbini.

"Wote watano walikuwa na akili," Daktari Mueni alisema. "Huyu nilimchagua kwa sababu alisema kweli siku ambayo uongo ungemfaa. Watoto wangu, kusema ndiyo kwa usilolielewa ni uongo, hata ukiusema kwa heshima. Neno la kwanza la kwenda ng'ambo ni hili: sijaelewa, nieleze. Lisemeni kwa lugha yoyote mliyo nayo. Nanyi walimu, msimvishe mtoto aibu kwa kuwa ameuliza."

Mwalimu Maundu aliingia ofisini, akarudi na diski mkononi. "Mimi pia niliivaa," alisema kwa sauti nzito, "kisha nikawavisha wengine. Leo imetosha."

"Nipe mimi, mwalimu," alisema Kanini. "Kesho uji wangu unahitaji kuni."

Watu walicheka na kupiga makofi. Jumatatu, Mwalimu Maundu aliandika maneno mapya ubaoni, akayasoma, kisha akaligeukia darasa.

"Mmeelewa?"

"Bado, mwalimu!" darasa likanguruma, na sauti ya Musau ilikuwa juu kuliko zote.

Mwalimu akatabasamu, akaokota chaki. "Haya. Tuanze tena."