Bibi Hakukwama Popote

Kila siku nilipotoka shule, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kumtungia Bibi uzi kwenye sindano. Nilitunga sindano sita, nikazichomeka kwenye kifuko chake cha pamba, ndipo nikaruhusiwa kuvua sare na kula. Bibi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Chumba chetu cha mbele kilijaa kola, mifuko na vifungo, na ukikaa bila kuangalia, pini ilikusalimia kabla hujamsalimia mtu.

Bibi aliniita Chapuchapu, na jina hilo sikupewa bure. Nilifagia upesi hadi vumbi likabaki linashangaa palepale lilipokuwa. Niliosha vikombe vikarudi kabatini na povu. "Haraka haraka haina baraka," Bibi aliniambia. "Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nilimjibu, naye akacheka mpaka akasimamisha cherehani.

Tuliishi watatu: mimi, Bibi, na Shangazi, dada yake baba. Wazazi wangu walifanya kazi mji mwingine na walikuja wakati wa likizo. Shangazi alitengeneza programu za simu katika ofisi ndogo iliyokuwa juu ya duka la vitabu. Bibi hakuielewa vizuri kazi hiyo. Wateja walipomuuliza, alisema, "Binti yangu anashona pia, ila nguo zake hazivaliki."

Bibi alikuwa na ugonjwa wa presha ya macho. Daktari alitueleza kwamba maji yaliyo ndani ya jicho yanazidi nguvu na kuukandamiza mshipa wa kuonea. Ugonjwa huu hauumi, kwa hiyo mgonjwa hashtuki. Tena kinachoharibika hakirudi. Dawa ya matone huzuia tu kisiendelee. Ndiyo maana kila baada ya miezi miwili Bibi alitakiwa kwenda kliniki, apimwe na apewe chupa nyingine ya dawa.

Kliniki hiyo ilikuwa na foleni isiyosemeka. Basi wakuu wake wakaiomba ofisi ya Shangazi itengeneze programu ya kupanga miadi kwa simu, ili mgonjwa ajue siku yake na saa yake, na simu imkumbushe. Shangazi aliifanya kazi hiyo kwa moyo wote, maana alimfikiria mama yake.

Jumamosi moja mchana alinipa simu iliyokuwa na programu hiyo, pamoja na fomu ya karatasi.

"Sikiliza, Chapuchapu. Nataka kujua kama mzee anaweza kuitumia hii bila msaada. Nikikaa naye mimi nitamwelekeza tu, maana nimeitengeneza mwenyewe. Kaa naye wewe. Apange miadi, aisogeze mbele, kisha auzime ukumbusho unapolia. Wewe usiguse simu. Andika alipokwama na dakika alizotumia. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Shangazi."

"Rudia."

"Nisiguse. Niandike."

Akaenda ofisini akiwa na furaha.

Bibi alivaa miwani yake, akaishika simu kwa mikono miwili. Ukurasa wa kwanza ulimtaka aandike jina lake. Aliitafuta herufi ya kwanza mpaka nikahisi nywele zinaniota mvi. Akaipata, akabonyeza jirani yake, akafuta, akaanza upya. Nje, mapacha wa jirani walikuwa wameshafunga kamba ya kuruka na wananiita. Siku hiyo tulikuwa tunashindana na wasichana wa mtaa wa pili, na mimi ndiye niliyekuwa mrukaji wa mwisho.

"Bibi, nipe nimalizie," nikasema.

"Lakini shangazi yako amesema..."

"Hata hatajua. Nipe tu."

Bibi alinipa. Nadhani alifurahi kupumzika. Nilijaza kila kitu mwenyewe kwa kufumba na kufumbua. Ukumbusho ulipolia nikauzima. Kisha nikachukua kalamu nikaandika kwenye fomu: *Dakika mbili. Bibi hakukwama popote.* Nikatoka mbio. Tulishinda siku hiyo, na jioni Shangazi aliposoma fomu alimkumbatia Bibi, akanikumbatia na mimi. Bibi alidhani anakumbatiwa kwa kuwa programu imekamilika.

Mwezi uliofuata kliniki ikaanza kuitumia. Muuguzi aliiweka programu kwenye simu ya Bibi, akamwandikia miadi yake, akamwambia, "Mama, usihangaike kukumbuka tarehe. Simu yenyewe itakuita."

Wiki moja kabla ya siku hiyo simu ililia. Bibi alikuwa peke yake, anashona. Kwenye kioo palikuwa na vitufe viwili. Cha kijani kilikuwa kidogo, chini kabisa, cha kusema nitakuja. Chekundu kilikuwa kikubwa, cha kuifuta miadi. Bibi hakuweza kusoma maandishi yale madogo. Alichojua ni kwamba kwenye simu yake ya miaka yote, kelele ukitaka iishe unabonyeza chekundu. Akabonyeza chekundu, simu ikanyamaza, akaendelea na pindo la sketi.

Miadi ikafutika, na kwa kuwa ilifutika, simu haikulia tena.

Dawa yake ilipoisha nilimsikia akisema, "Nitapewa nyingine siku ya miadi." Wiki zikapita. Shangazi alimuuliza mara moja, "Mama, miadi yako vipi?" Bibi akajibu, "Simu haijaniita." Shangazi akasema, "Basi bado. Simu haisahau." Nilikuwepo, natunga sindano, na sikufikiri lolote.

Kisha siku moja nikarudi kutoka shule nikakuta cherehani imenyamaza. Bibi alikuwa ameketi akitazama dirishani, kiganja kimefunika jicho la kulia.

"Chapuchapu, njoo. Hapa mbele yangu pana nini?"

"Dirisha, Bibi."

Akakiondoa kiganja, akatazama, akakirudisha. "Nikilifunika hili, dirisha linaondoka," akasema polepole.

Tulimkimbiza kliniki siku ileile. Daktari wa macho alimpima kwa muda mrefu, kisha akaketi mbele yetu.

"Mama, ulitakiwa hapa wiki tisa zilizopita. Kwa nini uliifuta miadi?"

"Mimi? Sijafuta kitu, mwanangu. Nilizima kelele tu."

Daktari alimtazama Shangazi. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa. "Jicho la kushoto limekwenda," daktari akasema kwa upole. "Sitawadanganya, halitarudi. La kulia bado tunaweza kulilinda, lakini asikose dawa hata siku moja."

Tulipofika nyumbani Shangazi alilia kama mtoto. Bibi ndiye aliyembembeleza. Yeye aliyepoteza jicho!

"Nyamaza, mwanangu. Kosa ni langu mimi, mshamba wa simu."

"Lakini Mama, sielewi," Shangazi akasema. Akafungua mkoba wake, akatoa ile fomu. "Siku ya majaribio uliweza. Tazama, dakika mbili, hukukwama popote. Nilikuwa nimepanga kuwajaribu wazee kumi. Nikajiambia, kama Mama ameweza upesi hivi, nani atashindwa? Nikajaribu wawili tu wengine, tena wenye macho mazuri. Ilikuwaje siku ile ukaweza?"

Nilisimama mlangoni. Bibi aligeuza kichwa chote kunitafuta, kwa sababu nilikuwa upande wake wa kushoto. Akanitazama kidogo kwa jicho moja. Alijua. Alikumbuka alivyoishia kwenye jina, na nilivyoichukua simu.

"Ndiyo," akamwambia Shangazi. "Siku ile niliweza. Uzee huu, mwanangu, nimesahau tu."

Laiti angenipiga! Laiti angesema, "Muulize huyo mtoto wako." Bibi yangu alikuwa amepoteza jicho kwa sababu yangu, na sasa alikuwa ananibebea na uongo wangu. Wanasema majuto ni mjukuu. Siku hiyo nilijua kwamba mjukuu mwenyewe naye hujuta.

Kwa siku mbili sikusema. Niliogopa, huo ndio ukweli. Kila mteja aliyekuja alimwonea Bibi huruma, na kila mmoja alipewa jibu moja: "Nimelipoteza kwa ujinga wangu mwenyewe." Siku ya tatu alikuja mama mmoja kuchukua shati la mwanawe. Bibi alikuwa ameshona mfuko nje kabisa ya mstari, asijue. Yule mama aliona, akalikunja shati haraka, akashukuru. Bibi akaanza tena, "Ndiyo hivyo, mwanangu, ujinga wangu..."

"Si ujinga wake!" nilipiga kelele. Shangazi alitoka jikoni. "Si yeye! Bibi hakumaliza. Aliishia kwenye jina. Mimi ndiye niliyejaza, nilitaka kwenda kuruka kamba. Ile fomu ni uongo. Niliandika uongo!"

Yule mama aliaga taratibu, akatoka. Nilijitupa sakafuni miguuni pa Bibi, nikalia mpaka sauti ikakauka. Bibi aliweka mkono kichwani mwangu.

"Mama, ulijua?" Shangazi akauliza.

"Nilijua."

"Ukanificha?"

"Ni mtoto. Nilisema jicho limeshakwenda, kwa nini nimpoteze na mjukuu?"

Shangazi hakunipiga wala hakunifokea. Alichukua mkoba wake, akavaa viatu, akatoka. Nilidhani anakimbia asinione. Kumbe alikuwa anakimbilia kliniki. Aliwaambia kwamba majaribio hayakufanyika sawasawa na kwamba kitufe chekundu ni mtego. Wakatazama orodha ya miadi yote iliyofutwa kwa simu. Walikuwepo wazee wengine wanne. Wauguzi wakawapigia mmoja mmoja, na wote wanne wakasema walikuwa wanazima kelele. Waliitwa kesho yake, na macho yao yakawahiwa.

Shangazi aliporudi aliniketisha mbele yake.

"Ungesema siku mbili kabla, hao wanne wangewahiwa siku mbili kabla. Na usingesema kabisa, nani angewaita?"



"Na mimi nina kosa langu," akaendelea. "Nilipata jibu nililolipenda, nikaacha kuuliza. Lakini wewe nilikuweka pale uwe macho yangu. Mtu akikupa kazi ya kuona kwa niaba yake, ukamwambia umeona ambacho hukuona, atatumbukia shimoni akiwa anakuamini. Ungeandika tu, *ameshindwa*. Neno hilo lingemwokoa bibi yako."

Kwa juma zima hakuniita Chapuchapu. Aliniita kwa jina langu la shule, na lilinichoma kuliko pini.

Programu ikatengenezwa upya. Herufi zikakuzwa. Ukumbusho sasa ulisema kwa sauti, "Una miadi kesho saa tatu asubuhi." Kitufe chekundu kilizima kelele tu, na asiyejibu alipigiwa simu na muuguzi. Kisha Shangazi akaja na fomu mpya, akasimama mbele yangu nayo kwa muda mrefu. Nilijua anawaza kama anipe.

"Mpe huyo huyo," Bibi akasema kutoka kwenye kiti chake. "Anajua bei ya uongo sasa."

Nikakaa pembeni ya Bibi. Alikwama kwenye jina. Alikwama kwenye mwezi. Alirudi nyuma bila kutaka, akaanza upya. Mikono ilinisumbua nikaikalia, naandika kisha naikalia tena. Alipogusa kitu kikamtoa kabisa kwenye programu, akaguna, "Hilo nalo usiliandike, linaniaibisha."

"Naliandika, Bibi."

"Haya, liandike. Na liandike vizuri."

Dakika kumi na tisa. Amekwama mara saba. Shangazi alipoisoma fomu hiyo hakukumbatia mtu, lakini aliikunja vizuri, akaiweka ndani ya daftari lake la kazi. Alirudi kurekebisha. Mara ya pili Bibi alikwama mara tatu. Mara ya nne aliweza, peke yake, na mtu hakumgusia hata herufi moja. Wazee wote kumi walijaribiwa safari hii.

Siku moja kabla ya miadi yake simu ilisema, Bibi akaijibu mwenyewe, na asubuhi yake tukatoka. Njiani alijikwaa kwenye ukingo wa mtaro ambao hakuuona. Nilimdaka. Machozi yakanitoka tena, mbele za watu.

"Nisamehe, Bibi."

"Nilikusamehe zamani. Lakini kusamehewa hakurudishi jicho, mjukuu wangu, na nataka ulijue hilo ungali mdogo." Akanishika bega, akasimama apumue. "Uongo wako ulikuwa wa dakika mbili tu. Mimi nitautembea maisha yangu yote. Kabla hujasema jambo lisilo kweli, jiulize ni nani atakayelitembea."

Nikapangusa uso, nikamzunguka. Tangu siku hiyo, popote tuendapo, natembea upande wake wa kushoto.